Namna ya kumchagua mkabidhi wa Wikipedia

Mkabidhi ni mhariri wa kujitolea aliyepewa vitufe ambavyo wahariri wenzake hawana. Anaweza kufuta ukurasa na kuurudisha, kuulinda usihaririwe, kumzuia mtumiaji, kusoma yaliyofutwa, na kuficha toleo moja ndani ya historia ya makala. Katika mjadala kuhusu yaliyomo kwenye makala ana sauti moja kama mwingine yeyote. Wala hapewi zana ya kuwakagua wenye akaunti ili kujua wanaingia kutoka wapi. Hiyo wanayo wakaguzi maalumu waliotia saini ahadi ya kutunza siri.

Karibu kila anachokifanya hutenguka. Makala iliyofutwa hubaki kwenye hifadhidata, na mkabidhi mwingine huirudisha kwa dakika moja. Zuio huondolewa, ulinzi huondolewa. Kuunganisha historia za kurasa mbili ndiko kunakosumbua kutengua, na kila mkabidhi mpya aambiwe hivyo mapema. Lakini mhariri mgeni aliyezuiwa kwa pupa siku yake ya pili mara nyingi harudi hata zuio likiondolewa, na hakuna kitufe cha kumrudisha. Kwa hiyo msipime kwanza ujuzi wa vitufe, maana huo hujifunzwa kwa wiki moja. Pimeni kwanza mtu huyu hufanya nini anapopingwa. Hamna haja ya kubahatisha: wiki, yaani tovuti yenyewe ya Wikipedia, huhifadhi karibu kila neno alilowahi kuandika humo, pamoja na saa aliyoliandika.

Je, anahitajika?

Fungueni orodha ya makala zinazosubiri kufutwa muone iliyokaa muda mrefu zaidi ina siku ngapi. Kisha nendeni Mabadiliko ya karibuni, mchague matukio kumi ya uharibifu ya mwezi uliopita, na mhesabu saa zilizopita kabla matusi hayajaondolewa na aliyeyaandika hajazuiwa. Kama ufutaji unangoja zaidi ya wiki mbili, au mharibifu anaachiwa usiku kucha, kuna upungufu. Kama hakuna kinachongoja, basi pengine mnatafuta cheo cha kumtunuku mtu mchapakazi, na zipo njia bora za kumshukuru.

Kwa wiki ndogo, lengo jema ni wakabidhi watatu walio hai. Wakiwa wawili, siku wakigombana hakuna wa tatu wa kusema neno. Mmoja peke yake ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna mwingine ndani ya jumuiya mwenye uwezo wa kuona alichofuta. Jitahidini watatu hao wasitoke ofisi moja au kikundi kimoja cha mradi, na ikiwezekana wasiwe wote watu wa usiku au wote watu wa asubuhi.

Upungufu usiwatie haraka. Wiki ndogo nyingi husaidiwa na wakabidhi wa miradi yote, ambao hufuta uharibifu wa wazi na kuwazuia waharibifu. Juu yao wapo mastewadi, wanaoshika kazi mahali pasipo na mkabidhi kabisa. Hawajui lugha yenu na hawataamua mijadala yenu, ila matusi wataondoa. Wakati huo mnaweza kumpa mtarajiwa ruhusa ndogo, kama kurejesha kwa haraka (kurudisha makala kwenye toleo lililotangulia kwa mbofyo mmoja) au kuweka alama kwenye makala mpya zilizokaguliwa, na kumwangalia kwa miezi sita. Anayetumia kitufe cha kurejesha kufuta mchango halali wa mtu asiyekubaliana naye atatumia kitufe cha kuzuia kwa namna ileile.

Andikeni kanuni kabla ya kutaja jina

Kanuni ikitungwa baada ya jina kutajwa, kila mtu ataisoma kama njama ya kumsaidia au kumzuia huyo aliyetajwa. Kwa hiyo kwanza amueni mambo manne: nani apige kura, kura idumu siku ngapi, kiwango cha ushindi ni kipi, na mkabidhi anaondolewaje.

Jumuiya kubwa zimeamua kwa namna tofauti. Wikipedia ya Kiingereza huendesha ombi la wazi kwa siku 7. Ombi lenye chini ya asilimia 65 kwa kawaida huanguka, lenye zaidi ya 75 hupita, na lililo katikati huamuliwa na warasimu, yaani wahariri waliokabidhiwa kazi ya kufunga uchaguzi na kutoa haki, kwa kupima hoja zilizotolewa. Tangu 2024 wameongeza njia ya pili, uchaguzi wa kura ya siri ambao mshindi anahitaji asilimia 70. Wajerumani hupiga kura kwa wiki mbili na kudai theluthi mbili, pamoja na kura za ndiyo zisizopungua 50. Waswidi humpa mkabidhi muhula wa mwaka mmoja, kisha jina lake hurudi kwenye kura. Mastewadi wenyewe huhitaji asilimia 80 na angalau kura 30 za kuungwa mkono, na kila mwaka huthibitishwa upya.

Msinakili namba hizo kama zilivyo. Sharti la kura 50 katika jumuiya yenye wahariri hai 15 ni sawa na kusema hatutachagua mtu kamwe. Kwa jumuiya ndogo tunapendekeza robo tatu ya kura, siku zisizopungua 7 na zisizozidi 14, na idadi ya chini ya wapigakura iwe theluthi moja ya wanaohariri kila mwezi. Mpigakura awe na akaunti yenye miezi mitatu, michango 100 kwenye makala, na angalau kumi kati ya hiyo iwe ya mwaka uliopita, yote yakihesabiwa hadi siku moja kabla ya kura kutangazwa. Tarehe hiyo ya kuhesabia ndiyo muhimu kuliko namba zenyewe. Bila hiyo, mgombea au mpinzani wake huleta marafiki wanaofungua akaunti jioni na kupiga kura asubuhi.

Njia ya kumwondoa mkabidhi ndiyo husahauliwa. Wajerumani wana utaratibu unaoeleweka: wahariri 25 wenye haki ya kura wakitia saini ndani ya mwezi mmoja, au 50 ndani ya miezi sita, mkabidhi lazima asimame tena. Wikipedia ya Kiingereza ilikaa zaidi ya miaka 20 bila utaratibu wa namna hiyo, hadi 2024 ilipokubali saini 25 ndani ya siku 30. Ugumu wa kumwondoa mtu ndio uliowafanya wapigakura wake waogope kumpitisha yeyote mwenye dosari ndogo. Mlango wa kutokea ukiwa wazi, wa kuingilia nao hulegea. Kwa jumuiya ndogo, saini za robo ya wapigakura ndani ya mwezi zinatosha kuitisha kura mpya.

Kusoma rekodi ya mtarajiwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi hupapita mbio. Watu hutazama jumla ya michango, huona tarakimu tano, wakaandika naunga mkono. Jumla hiyo haisemi mengi. Mtu anaweza kufikisha michango elfu kumi kwa wiki chache akitumia programu inayobadilisha jamii (makundi) za makala moja baada ya nyingine, bila kuzungumza na mtu hata mara moja. Tengeni saa tatu kwa kila mtarajiwa, wasomaji wawe wawili wasiosemezana hadi kila mmoja amalize, kisha mlinganishe.

Anzeni na ukurasa wake wa majadiliano, pamoja na nyaraka zake za zamani na historia ya ukurasa huo. Tafuteni malalamiko. Kuwa na malalamiko si kosa. Anayefanya kazi atalalamikiwa. Soma alichojibu, na alijibu baada ya muda gani. Mtu anayefaa hueleza sababu yake, hutaja kanuni inayohusika, na pale alipokosea husema nimekosea na kurekebisha. Anayetia shaka hufuta malalamiko bila jibu, au hujibu kwa kuorodhesha alichoifanyia jumuiya, au huhamishia ugomvi kwenye kurasa za wengine. Kufuta ujumbe kwenye ukurasa wako kunaruhusiwa katika wiki nyingi, lakini historia inaonyesha, na anayefuta kila swali akiwa mhariri wa kawaida hatajibu akiwa mkabidhi.

Pili, chukueni michango 50 katika makala kutoka miezi mitatu iliyoachana, si ya wiki iliyopita tu, maana anayejua atapendekezwa hujipamba. Angalieni kama ameandika muhtasari wa uhariri, kama amekuja na vyanzo, na kama sentensi zimenakiliwa kutoka tovuti nyingine. Nakilini sentensi mbili ndefu kutoka makala tano alizoanzisha na kuzitafuta mtandaoni. Mtu ambaye mwenyewe huvunja hakimiliki hatafuta makala za wengine zinazoivunja.

Someni pia lugha yake. Agosti 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti, makala elfu nyingi, iliandikwa na mkabidhi kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, aliyekuwa akibadilisha maneno ya Kiingereza kwa kamusi. Alianza akiwa mtoto, na hakuna dalili kwamba alikusudia uovu. Kosa lilikuwa la jumuiya iliyokuwa ndogo mno kumsoma. Siku hizi hatari hiyo huja kupitia tafsiri za mashine zinazomwagwa bila kupitiwa. Mtu anayezimwaga hawezi kuwa mlinzi wa mlango, hata kama ana bidii kuliko wote.

Tatu, angalieni alivyopendekeza ufutaji. Chukueni mapendekezo yake 20 ya karibuni mtenganishe yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Yakikataliwa matano au zaidi, someni sababu. Je, aliomba ifutwe makala fupi iliyohitaji vyanzo tu? Je, aliweka alama dakika tatu baada ya mgeni kuanzisha ukurasa? Kwa maoni yetu pupa hiyo ndiyo kasoro inayofukuza watu wengi zaidi kuliko ukali wa maneno.

Nne, tafuteni mgogoro mmoja mkubwa aliohusika nao na msome wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na historia ya makala iliyogombaniwa. Hesabuni mara alizorejesha toleo lake. Angalieni nani alikwenda kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano. Kama hamna mgogoro hata mmoja katika miaka miwili, hamjui bado atakuwaje akipingwa, na ni haki kumwambia asubiri.

Sifa za nje ya wiki msizitegemee. Mwaka 2007 mhariri mwenye madaraka makubwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza, aliyejitambulisha kama profesa wa dini, alijulikana kuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada hizo. Na mwaka 2021, hukohuko, mgombea aliyekuwa anaungwa mkono karibu na wote alizuiwa kabla kura haijafungwa, kwa kuwa ilibainika ni akaunti bandia ya mtu aliyekwisha kufukuzwa. Walimpigia kura kwa nia njema, wakitazama mwenendo mzuri wa akaunti yenyewe. Kwa hiyo someni hadi michango ya siku ya kwanza. Akaunti ambayo tangu siku hiyo inajua vigezo (violezo vinavyowekwa ndani ya makala), vifupisho vya kanuni na majina ya wagomvi wa zamani, iulizwe wazi: umewahi kutumia akaunti nyingine? Jibu la ndiyo likiwa na maelezo halali, kama kusahau neno la siri au kutafuta faragha, linakubalika. Uongo katika jibu hilo haukubaliki.

Kumwomba na kumuuliza

Mtu aulizwe faraghani kwanza kama anataka. Kumpendekeza hadharani bila kumuuliza ni kumtega, maana kukataa mbele ya watu ni kuzito na kushindwa ni kuzito zaidi. Anayempendekeza amweleze dosari zote zilizopatikana kwenye rekodi ili ajiandae kuzijibu. Anayekuja mwenyewe kuomba hana ila yoyote. Anayeomba kila ruhusa inayopatikana, moja baada ya nyingine, ndiye wa kumchunguza.

Maswali yakijibika kwa kunakili ukurasa wa kanuni hayana faida. Mpeni visa. Kwa mfano: mgeni ameanzisha makala kuhusu shirika lake, nusu imenakiliwa kutoka tovuti ya shirika, nusu ameandika mwenyewe na ina vyanzo viwili vizuri. Utafanya nini? Jibu zuri huondoa kilichonakiliwa, huficha matoleo yenye ukiukaji, hubakisha kinachofaa, humweleza mgeni kwa lugha ya kawaida kuhusu hakimiliki na mgongano wa maslahi, na hubonyeza kuzuia iwapo tu ataendelea baada ya kuelezwa. Jibu la futa na zuia lingeipotezea wiki makala na mwandishi.

Kisa cha pili kiwe hiki: unagombana na mtu kwenye makala, na sasa amekutukana. Jibu sahihi ni fupi: simzuii mimi, namwita mkabidhi asiyehusika. Mgombea akianza kutafuta mazingira ambamo angeweza kumzuia mwenyewe, andikeni kando. Kisa cha tatu kihusu mkabidhi mwenzake anayekosea, kwa sababu wakabidhi huoneana haya kuliko wanavyowaonea haya wahariri wa kawaida. Maswali matatu au manne yanatosha. Ishirini huwa mateso, na watu wazuri huacha kujitokeza.

Muulizeni pia kama analipwa na yeyote kuhariri, na kama ana nafasi katika chama au mradi unaogawa fedha kwa wahariri. Haimwondoi, ila ijulikane.

Siku za kura

Tangazo liwekwe kwenye ukurasa wa jumuiya na, kama inawezekana, juu ya kila ukurasa kwa watumiaji walioingia. Kuandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba kura inaendelea hakuna ubaya. Kuandika mpigieni fulani kunaharibu uchaguzi, na kura zilizoletwa hivyo zitajwe wazi na anayefunga. Kila anayekataa atoe sababu yenye kiungo cha tukio. Mgombea ajibu pingamizi zenye hoja, mara moja kila moja, kisha anyamaze. Anayejibizana na kila mpinzani ameshawajibu swali lenu kubwa.

Siku za mwisho angalieni akaunti zisizotimiza vigezo na kuzipiga mstari bila kuzifuta, ili yeyote aone kilichofanyika. Mrasimu asiyepiga kura ndiye afunge. Kama wiki haina mrasimu, kiungo cha mjadala hupelekwa kwa mastewadi kwenye ukurasa wao wa maombi katika Meta-Wiki, tovuti ya kuratibu miradi yote ya Wikimedia. Wapigakura wakiwa wachache, mastewadi kwa kawaida hutoa ukabidhi wa muda, wa miezi mitatu, sita au mwaka, na kabla haujaisha jumuiya huulizwa tena. Msiuone kuwa dharau. Ni jaribio zuri kuliko yote, na tungependa hata jumuiya zenye watu wengi walitumie kwa mkabidhi mpya.

Miezi mitatu ya mwanzo

Siku ya kwanza awashe uthibitishaji wa hatua mbili na abadili neno la siri liwe lisilotumika kwingine popote. Novemba 2018 akaunti kadhaa za wakabidhi wa Wikipedia ya Kiingereza zilitekwa na kutumika kuharibu kurasa. Tangu mwaka huo programu haimruhusu tena mkabidhi aliyezuiwa na mwingine kujifungulia, lakini akaunti iliyotekwa bado inaweza kufuta mengi kabla haijakamatwa.

Mwezi wa kwanza ashughulike na kazi zisizo na ubishi: kurasa tupu, maombi ya waandishi wanaotaka makala zao wenyewe zifutwe, faili zilizorudiwa, uharibifu wa dhahiri. Kuzuia akaunti kongwe, kufunga mjadala wa ufutaji uliogawanyika, na kulinda makala yenye mzozo wa kisiasa avisubirishe hadi mwezi wa pili, na mwanzoni amuulize mkabidhi mzoefu kabla ya kubonyeza. Mzoefu huyo apitie kumbukumbu zake kila wiki: kila zuio lina sababu iliyoandikwa? Muda wake unalingana na kosa? Anwani ya mtandao (IP) inayotumiwa na watu wengi haikuzuiwa kwa mwaka mzima? Ulinzi wa ukurasa umewekewa tarehe ya kuisha? Kosa la kawaida la mkabidhi mpya ni ulinzi wa kudumu, na husahaulika kwa miaka huku makala ikichakaa.

Haki ya kuhariri msimbo unaoendesha muonekano wa tovuti nzima imetenganishwa na ukabidhi tangu 2018. Isitolewe pamoja na ukabidhi kama nyongeza. Apewe anayejua kuandika msimbo huo, kwa ombi lake la peke yake.

Mkabidhi akigeuka, au akipotea

Kundi la wakabidhi wenye mawazo yaleyale likiachwa muda mrefu linaweza kuiteka wiki nzima. Tathmini iliyotolewa na Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, mwaka 2021 ilionyesha namna kundi dogo lilivyoishika Wikipedia ya Kikroatia kwa takribani miaka kumi, likipotosha makala za historia na kuwafukuza waliopinga. Dalili huonekana mapema: wanaozuiwa wote ni wa upande mmoja wa hoja, wakabidhi wapya wote ni marafiki wa wa zamani, na maombi ya kupitia zuio hujibiwa na yuleyule aliyezuia. Mkiona mbili kati ya hizo, anzeni kukusanya viungo vyenye tarehe, bila maneno ya hasira, na muwaite wahariri wote wenye haki ya kura. Saini zikitimia, kura iitishwe hata kama wakabidhi wengine hawataki. Kama ukurasa wa kura unafutwa au waliosaini wanazuiwa, pelekeni jambo Meta-Wiki kwa ombi la maoni, ambako wakabidhi wenu hawana vitufe.

Kutokuwapo ni kisa chepesi zaidi, na hakuhitaji lawama. Wiki zisizo na kanuni yao hupitiwa na mastewadi: aliyekaa miaka miwili bila mchango wala tendo la kikabidhi huandikiwa, jumuiya hupewa mwezi mmoja wa kusema, kisha haki huondolewa. Mnaweza kujiwekea muda mfupi zaidi, kama mwaka mmoja. Akirudi ndani ya miezi sita na aliondoka bila mgogoro, mrasimu amrudishie baada ya siku saba za tangazo. Akirudi baada ya hapo asimame upya, na wasomaji wawili waanze tena na ukurasa wake wa majadiliano.